"Bima Ipo Mpaka Novemba": Kisa cha IST Iliyouzwa Asubuhi na Kugonga Mchana

Faili hili lilipita mezani kwetu kwa sababu muuzaji alikuwa mteja wa ofisi yetu ya udalali wa bima. Majina nimeyaondoa, na mambo madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike.

Mwalimu wa sekondari, mkazi wa Morogoro, alipata Toyota IST kwa mama mmoja mstaafu anayeishi Tegeta. Bei walikubaliana shilingi milioni 13. Pesa ziliingia benki Ijumaa. Jumamosi saa nne asubuhi wakakutana kwa wakili, wakasaini mkataba wa mauziano, na mama akakabidhi kadi halisi ya gari, funguo zote mbili na kopi ya kitambulisho chake. Kubadilisha umiliki TRA wakapanga kufanya Jumatatu, kila mmoja akiwa na TIN yake mkononi.

Kabla hajawasha gari, mwalimu aliuliza swali ambalo wanunuzi wengi hawalikumbuki: "Mama, bima yake bado iko hai?"

"Ipo mpaka Novemba, mwanangu. Tena ni bima kubwa. Nenda salama."

Hakuishia kwenye maneno. Aliingia kwa simu TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima wa kuhakiki bima, akaweka namba ya gari, na mfumo ukamletea jina la kampuni, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Bima hai, na kubwa kweli: ile inayolipa na uharibifu wa gari lenyewe, si madhara kwa watu wengine tu kama bima ndogo. Akaaga, akashika barabara ya Morogoro.

Katika kisa hiki hakuna tapeli. Mama alisema kweli, mfumo ulisema kweli, mwalimu alifanya uhakiki. Na bado, saa saba na nusu mchana, alipofika Mlandizi, alikuwa anaendesha gari lisilo na bima.

Hapo Mlandizi bodaboda aliyepakia abiria alikatisha barabara kutoka upande wa kushoto. Mwalimu alifunga breki, lakini hakuwahi. Dereva wa bodaboda alivunjika mguu, abiria wake, mama muuza mboga, akaumia bega na mkono. IST ilipasuka rejeta, boneti ikakunjamana, taa moja ikatoka. Majeruhi walipewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, wakapelekwa hospitali ya Tumbi. Askari wa usalama barabarani alipopima na kuchora mchoro wake, aliuliza swali la kawaida kabisa: "Gari la nani hili?"

"La kwangu, afande. Nimelinunua leo."

Jibu hilo liliandikwa kwenye maelezo yake. Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata.

Jioni alimpigia mama. Shikamoo, marahaba, pole, umeumia? Mama akasema atawasiliana na watu wa bima Jumatatu, asiwe na wasiwasi, yeye amelipia bima kubwa miaka yote na hajawahi kudai hata kioo. Jumatatu alikuja ofisini na bahasha yake. Tulipofika kwenye fomu ya madai, sehemu inayouliza nani alikuwa mmiliki wa gari wakati wa ajali, kalamu ikasimama.

Swali hilo la fomu ndilo swali la kwanza la kisa: saa saba na nusu, gari lilikuwa la nani?

Wengi watajibu haraka kwamba lilikuwa la mama, kwa sababu kadi ilikuwa bado ina jina lake. Ni jibu la mtaani, na lina mantiki yake, maana sheria ya usajili wa magari inamchukulia aliyeandikwa kwenye kadi kuwa mmiliki. Lakini inamchukulia hivyo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hapa uthibitisho wa vinginevyo ulikuwa umejaa bahasha nzima. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, umiliki wa mali iliyopo na inayojulikana huhama pale wahusika walipokusudia uhame. Bei imelipwa yote, mkataba umesainiwa, funguo na kadi zimekabidhiwa, gari limeondoka. Ukiuliza walikusudia nini, jibu liko wazi. Jumatatu ya TRA ilikuwa ya kusahihisha daftari tu. Mauzo yalikamilika Jumamosi saa nne na ushee.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo kiini: umiliki ulipohama, bima ilihama nao?

Haikuhama. Bima ya gari ni mkataba kati ya kampuni na mtu fulani, juu ya gari fulani. Kampuni ilimpima mama: umri wake, historia yake ya madai, matumizi yake ya gari, mtaa anaolaza gari. Ilikubali kubeba hatari ya mama na ikamtoza kwa kipimo hicho. Mwalimu haijui. Na mama mwenyewe, dakika alipouza, hakubaki na maslahi yoyote katika lile gari: likiungua hapati hasara, likiibiwa hapati hasara. Bima bila maslahi haina cha kushika. Ndiyo maana tunasema bima haisafiri na funguo.

Mtu anaweza kuuliza: lakini si mikataba mingi inamruhusu dereva yeyote anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye bima? Ndiyo, inaruhusu. Ndiyo sababu mpwa wako akiendesha gari lako kwenda sokoni, bima yako inambeba. Na mama hakusema tu "endesha", alisema na "nenda salama". Ruhusa gani kubwa kuliko hiyo?

Hoja hii ina umri mkubwa. Iliwahi kufikishwa mahakamani Uingereza katika kesi ya Peters dhidi ya General Accident, iliyoamuliwa 1937 na kuthibitishwa na Mahakama ya Rufani ya huko 1938. Mtu aliuza gari, akamkabidhi mnunuzi na karatasi za bima. Mnunuzi akamgonga mtu. Aliyegongwa akadai kwa kampuni ya muuzaji kwamba mnunuzi alikuwa akiendesha kwa ruhusa ya mwenye bima. Mahakama ikakataa: mwenye gari haendeshi gari lake kwa ruhusa ya mtu mwingine, analiendesha kwa sababu ni lake. Na mkataba wa bima, kwa kuwa ni wa mtu binafsi, hauwezi kupokezwa kwa mwingine bila kampuni kukubali. Maamuzi ya Uingereza ya baada ya Julai 1920 hayafungi mahakama za Tanzania, lakini husikilizwa kwa heshima, hasa pale sheria zetu zinapotokana na zao. Na hapa zinatokana: Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura 169, kama ndugu yake wa Kenya, Sura 405, mizizi yake ni sheria ya barabara ya Uingereza ya 1930. Kwa maoni yangu, mwalimu asingeshinda hoja ya ruhusa hata kwa wakili mzuri.

Alikuwa na karata ya pili, na nadhani ndiyo iliyompa ujasiri wa kuondoka. Nyumbani Morogoro ana Noah yenye bima kubwa, jina lake mwenyewe, imelipiwa mwaka mzima. Binamu yake anayeishi Houston alishamwambia kwamba ukinunua gari la pili, bima ya la kwanza inalibeba siku kadhaa mpaka utoe taarifa. Binamu hakukosea kwa huko aliko. Mikataba mingi ya Marekani ina kipengele cha gari jipya lililonunuliwa, kinachompa mwenye bima muda, mara nyingi kati ya siku 7 na 30 kutegemea kampuni na jimbo. Lakini kipengele hicho kinatoka kwenye mkataba wake na kampuni yake. Sheria ya Tanzania haina kitu kama hicho, na mkataba wa Noah ulipofunguliwa nao haukuwa nacho.

Kilichokuwamo ni kipengele tofauti, kinachofanana nacho kwa mbali, na hapo ndipo wengi wanapotegwa. Mikataba mingi ya magari binafsi humlinda mwenye bima dhidi ya madai ya watu wengine anapoendesha gari ambalo si lake na ambalo hajalikodi kwa mkataba wa kununua kwa awamu. Isome tena taratibu. Gari ambalo si lake. Angeendesha IST ya mama kwa kuazima, Noah ingeweza kumsaidia. Lakini alikuwa ameinunua. Mnunuzi ambaye gari limeshakuwa lake hawezi kutumia kipengele hiki hata mita moja. Baraza la Malordi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilikaribia jambo hilihili mwaka 1931, katika kesi ya Rogerson, mtu aliyebadilisha gari lake kwa jingine akadhani bima imebadilika pamoja naye. Hakulipwa.

Tazama basi mwalimu alivyobanwa pande zote mbili. Kwa bima ya mama alihitaji gari liwe bado la mama. Kwa bima ya Noah alihitaji hivyohivyo. Na tayari alishamwambia askari, "La kwangu, afande."

Jumanne dalali wa magari aliyewakutanisha akaja na dawa yake. Semeni tu aliazima. Mkataba wa mauziano uandikwe upya, tarehe iwe ya Jumatatu. Mama alitutazama kana kwamba anatusubiri sisi tukubali kwanza. Tulikataa, na sababu tulizompa hazikuwa za dini. Malipo ya benki yana tarehe ya Ijumaa. Nakala ya mkataba iko kwa wakili, ina mhuri na tarehe. Maelezo ya polisi yamesainiwa. Mchunguzi wa kampuni ya bima, ambaye kazi yake ni hiyohiyo, angeomba vitu hivyo vitatu katika wiki ya kwanza, na mama, ambaye mpaka hapo hakuwa na kosa lolote, angegeuka mtuhumiwa wa udanganyifu kwa ajili ya rejeta ya mtu mwingine. Aliandika ukweli kwenye fomu. Baada ya muda ikaja barua ya kampuni, fupi na ya adabu: wakati wa ajali mwenye bima hakuwa tena na maslahi katika gari, na dereva hakuwa mtu anayelindwa na mkataba.

Kulikuwa na wazo jingine lililompitia mwalimu palepale barabarani, alinieleza baadaye. Rafiki yake alimwambia kwa simu: kata bima ndogo sasa hivi, dakika kumi inatoka, nani atajua? Stika ya bima ya kielektroniki inajua. Bima inaanza baada ya malipo kupokelewa, mfumo unaandika muda, na ajali iliyotokea kabla ya muda huo haimo. Hairudi nyuma.

Kuhusu jinai sitakaa sana. Kifungu cha 4 cha Sura 169 kinakataza kutumia chombo cha moto barabarani, au kumruhusu mtu mwingine akitumie, bila bima dhidi ya madhara kwa watu wengine. Kutojua si utetezi. Hili si jambo la kumaliza kwa faini ya 30,000 ya pale barabarani ambayo kila dereva anaijua. Alipelekwa mahakamani, akashtakiwa kwa uendeshaji wa uzembe na kwa kosa la bima pia, akalipa faini.

Kinachoniumiza zaidi katika faili hili ni upande wa bodaboda na mama muuza mboga. Bima ya lazima haikutungwa kwa ajili ya mwenye gari. Ilitungwa ili anayegongwa na mtu asiye na kitu apate pa kushika. Ndiyo maana sheria inailazimisha kampuni kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mtu aliyekatiwa bima, hata pale ambapo kampuni ina ugomvi wake na mtu huyo. Lakini sharti ni hilo: awe mtu aliyelindwa na bima husika. Mwalimu hakuwa hivyo kwa kampuni yoyote. Kwa hiyo mama muuza mboga, ambaye hajui IST imeuzwa au haijauzwa, alibaki kumtazama mwalimu mwenye mshahara wa mwalimu. Hapa sheria naiona ina tundu. Kama mtu amelipia hatari ya gari mpaka Novemba, sioni kwa nini ulinzi wa watu wa barabarani usiendelee walau saa 48 baada ya mauzo, kampuni ikajilipa baadaye kwa mnunuzi. Marekani wamefanya jambo la namna hiyo kwa mikataba tu. Sisi tungelifanya kwa kanuni.

Mama wa Tegeta naye hakutoka bure kabisa. Wakili wa majeruhi alimwandikia barua ya madai pamoja na mwalimu, kwa sababu kadi ilikuwa na jina lake. Mkataba wa mauziano ndio uliomwokoa. Hebu fikiria angekuwa ameuza kwa kupeana mkono na kuachiana kadi, kama magari mengi yanavyouzwa, mpaka leo angekuwa anaeleza. Wauzaji hudhani bima ni shida ya mnunuzi. Gari likiondoka kwa jina lako, faini za barabarani zinaingia kwenye namba ileile, na ajali ya kwanza inabisha hodi kwako.

Madai yaliisha kwa maelewano nje ya mahakama. Mwalimu alibeba gharama za hospitali, akakubali kumlipa dereva wa bodaboda kwa awamu kwa miezi aliyokaa bila kazi, na mama muuza mboga akapewa kiasi cha kuanzia upya. Bodaboda naye alikuwa na sehemu yake ya kosa kwa namna alivyokatisha, na hilo lilipunguza dai. IST ilitengenezwa kwa mfuko wa mwalimu.

Sasa hesabu ambayo ingeepusha haya yote. Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 100,000, na VAT ya asilimia 18 inafanya 118,000. Hiyo ingetosha kwa sheria na ingewabeba majeruhi. Bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5 ya thamani, kwa gari la milioni 13, ni 455,000, na ukiongeza VAT inakuwa 536,900. Hiyo ingetengeneza na rejeta. Zote mbili zinakatwa kwa simu, hata Jumamosi, na huhitaji kadi yenye jina lako: mawakala wengi hupokea mkataba wa mauziano pamoja na kopi ya kadi ya muuzaji. Kilichomponza mwalimu ni mpangilio wa kazi za asubuhi ile. Kusaini, kukabidhiana, kuondoka. Bima ikawekwa kapu moja na TRA, ya Jumatatu. TRA inaweza kusubiri Jumatatu. Bima lazima iwe kati ya kusaini na kuwasha gari.

Ipo njia nyingine, ya kuomba kampuni ya muuzaji ikubali kwa maandishi kumwandika mnunuzi kwenye mkataba uliopo. Inafaa kama bima kubwa imebakiza miezi mingi na wahusika wanaelewana bei. Lakini inahitaji siku za kazi, barua na saini, na mpaka kibali kitoke mnunuzi hana kitu. Kwa safari ya leo haifai. Wakala naye anaweza kukuta kwenye mfumo kwamba gari bado lina bima hai ya muuzaji. Hapo muuzaji aandike barua ya kusitisha yake, na huenda akarudishiwa sehemu ya pesa ya miezi iliyobaki. Mama wa Tegeta alirudishiwa.

Wanaotoa magari bandarini kisa hiki kinawagusa kidogo tu, kwa sababu wakala wa forodha kwa kawaida hushughulikia usajili na bima kabla gari halijatoka. Ulizia tu imekatwa kwa jina la nani na inaanza saa ngapi. Magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini kwenda Zambia au Kongo, yana utaratibu wake, ikiwemo kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka, ambayo Tanzania iliendelea nayo hata baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000.

Wakili aliyeandaa mkataba ule ameongeza kifungu kwenye fomu yake ya mauziano. Kinasema bima iliyopo inabaki ya muuzaji na inakoma kulihusu gari saa ya makabidhiano, na kwamba gari litaondoka baada ya mnunuzi kuonyesha bima iliyo kwa jina lake. Pembeni pana mistari miwili ya kujaza: namba ya stika, na saa.